Masinia ya harusi na mshahara wa mwalimu: kisa cha chekechea ya kijiji kimoja Lamu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja katika visiwa vya Lamu, kuanzia 2016 hadi 2023. Majina ya kijiji, ya watu na ya shule nimeyaondoa, na tarakimu za fedha nimezisogeza kidogo. Nilihusika nikiwa mkufunzi wa walimu wa chekechea. Nilifika mara mbili au tatu kwa mwaka, nikakaa darasani na watoto, nikapitia daftari la mwekahazina, nikaulizwa ushauri. Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbaya, na nitausema mahali pake.

Mahali na pepo zake

Kijiji kina nyumba zipatazo mia na ishirini. Wanaume wengi ni wavuvi. Wengine hukata mikoko au huenda Amu (mji wa Lamu) kutafuta kibarua. Wanawake husuka ukili, hushona mikeka, huuza mahamri na samaki wa kukaanga. Maisha hufuata pepo mbili. Kaskazi ikivuma, tangu Novemba au Desemba hadi Machi, bahari hutulia na fedha huonekana mikononi. Kusi ikiingia Aprili, bahari huchafuka, vyombo vidogo hufungwa, na nyumba nyingi huishi kwa deni la duka mpaka Agosti au Septemba. Kaskazi hiyohiyo ndiyo majira ya dago, pale wavuvi wanapohamia kambi za mbali, na baadhi huondoka na wake na watoto.

Shule ya msingi iko ng'ambo ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Maji yakiwa makavu mtu huvuka kwa miguu, matope yakimfika kifundoni. Siku za bamvua (maji makubwa) maji hujaa alfajiri na tena alasiri, yaani saa zilezile za kwenda na kurudi shuleni. Mtoto wa miaka minne havuki hapo. Kwa hiyo desturi ilikuwa mtoto akae nyumbani, asome chuoni (chuo kwa maana ya Amu, pa kusomea Kurani), kisha akifika miaka saba au minane aingizwe darasa la kwanza moja kwa moja.

Mwalimu wa darasa la kwanza kule ng'ambo aliniambia kwamba muhula mzima wa mwanzo hufundisha masomo mawili: kushika penseli, na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alicheka alipokuwa akisema, lakini daftari lake la mahudhurio lilionyesha ni wangapi walikwisha kukata tamaa kabla ya muhula wa pili.

Serikali nayo ilikuwa na mchango wake katika hali hiyo. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, chekechea haikuhusishwa. Mzazi akajikuta analipia nasari ilhali darasa la kwanza ni bure, na mwenye hesabu fupi akaona bora asubiri. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na kaunti zikaanza kazi 2013. Lakini vijiji ni vingi, na kijiji hiki, chenye watoto arobaini na kitu wa umri huo, hakikuwa cha kwanza katika orodha.

Ukuta kwanza, 2016

Fikra ilitoka kwa watu watatu: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, maalim wa chuo, na mama mmoja mshona mikeka aliyekuwa akishika fedha za mchezo (upatu) wa akina mama. Huyu wa tatu ndiye aliyekuja kuwa mwekahazina, na bila yeye nisingekuwa na kisa cha kuandika. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Daftari lake lina safu tatu, iliyoingia, iliyotoka na *iliyoahidiwa*, na hiyo ya tatu aliipigia mstari mwekundu tangu siku ya kwanza.

Kikao cha kwanza kilifanyika barazani kwa maalim. Suala lilikuwa moja: waanze na nini? Palikuwa na ukumbi wa chuo uliokuwa mtupu asubuhi, wenye kivuli na mkeka. Palikuwa pia na kiwanja alichokitoa mzee mmoja karibu na msikiti. Mwalimu mstaafu alitaka waanze pale chuoni wiki ileile. Wazee wengi walitaka jengo. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: jengo huonekana, mgeni akija huonyeshwa, na mtu aliyetoa fedha zake hupenda kuziona zimesimama. Harambee ya Kenya kwa miaka mingi imekuwa ya mawe na mabati. Ni shida kumwita mtu mbele ya umati atoe fedha za mshahara wa Juni.

Nilipoulizwa, nilisema wajenge. Nilidhani jengo lingewavuta maofisa wa elimu walete mwalimu. Huo ndio ushauri mbaya niliotaja.

Harambee ilitangaza shilingi 412,000. Kati ya hizo, 150,000 zilikuwa ahadi ya mwanasiasa aliyekuwa akijiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2017. Hazikuja kabla ya uchaguzi, wala baadaye. Zile 262,000 zilizoingia zilinunua mawe, chokaa, saruji na kazi ya fundi. Mchanga ulibebwa na punda wa kijiji bila malipo. Ukuta ulifika kwenye linta na shilingi 228,000 zilikuwa zimekwenda. Fundi akasimama. Kwenye safu ya mstari mwekundu ikabaki 150,000, na kwenye kikopo zikabaki 34,000.

Kwa muda wote huo, miezi minane, hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa chochote.

Mwalimu wa kwanza

Januari 2017 wakarudi walikopaswa kuanzia. Maalim akatoa ukumbi wa chuo kuanzia saa mbili hadi saa tano na nusu. Msichana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne akaajiriwa kwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Watoto walioandikishwa ni 42, ada shilingi 200 kwa mwezi. Kwa hesabu ya karatasi ziliingia 8,400: elfu sita za mwalimu, zilizobaki za uji.

Januari hadi Machi hesabu ilikaribia kutimia. Jambo lililonichanganya ni kwamba darasani watoto walikuwa ishirini na tano au ishirini na sita tu; wengine walikuwa dago na wazazi wao. Juni mambo yakageuka. Darasa lilijaa, watoto arobaini wameketi magoti yakigusana, na waliolipa ni kumi na saba. Mwekahazina alinieleza huku akifunga kikopo: "Wana wakiwapo fedha hazipo, fedha zikiwapo wana hawapo." Mwezi ule mwalimu alipewa 2,400 na uji ukasimama.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ada ya kila mwezi ni mpango wa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, na kijijini watu hao walikuwa watatu.

Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti nchi nzima, na wakata mikoko nao wakaguswa. Nyumba zipatazo ishirini zikakosa kipato ghafla, tena katika miezi ya kaskazi iliyotegemewa kufidia kusi. Mwezi wa Aprili mwalimu akaondoka kwenda Amu kufanya kazi katika duka la kutuma fedha kwa simu. Alilia alipoaga. Alikuwa anadai mishahara ya miezi mitatu na nusu, na mwekahazina aliiandika katika safu ya nne aliyoichora siku hiyo: *tunayodaiwa*. Deni hilo walilimaliza kulilipa mwaka uliofuata.

Kikao cha vyombo, katikati ya 2018

Chekechea ilikuwa imekufa wiki kumi kikao kilipoitishwa. Kilichoifufua ni kikao kilichoanza na ugomvi. Baadhi ya wazee walitaka zile 34,000 zinunue mabati, jengo lipate walau paa nusu. Mwekahazina alikataa, na alikuwa na njia yake: aliwauliza paa litamlipa nani.

Palikuwa na mapendekezo matatu mezani. La kwanza, kufungua duka dogo. Likaanguka haraka kwa kuwa duka la jumuiya hukopesha jumuiya, na kila mtu alijua litaishia wapi. La pili, kununua jokofu la kuhifadhia samaki, fedha hazikutosha. La tatu lilitoka kwa akina mama. Kijiji kikiwa na harusi, vyombo vya kupikia na kupakulia vilikodiwa kutoka kijiji kingine kwa mashua, na nauli ya mashua ilikaribia kodi yenyewe. Wakasema: tununue vyombo vyetu, tukodishe sisi.

Akina mama wakatoa 40,000 za mchezo wao, wakaziunganisha na zile 34,000. Zikanunuliwa sufuria kubwa nne, masinia sitini, maturubai mawili, majamvi na madumu.

Hapo maalim akaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akasema vyombo hivi viwekwe wakfu kwa ajili ya watoto. Aliwaeleza kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi fedha taslimu hazikai wakfu, maana zikitumika zimekwisha. Lakini sinia hutumika na likabaki sinia. Kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, na mwenyekiti mpya hawezi kukigawa. Waliandika karatasi moja, mashahidi wanne, ikasomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Hawakuiandikisha kwa Tume ya Wakfu, na kisheria huenda karatasi ile ni dhaifu. Kijijini ilikuwa na nguvu kuliko muhuri wowote. Kwa watu wa Amu wakfu si neno la kufafanuliwa: kila mmoja anajua mnazi, kisima au nyumba fulani ambayo mapato yake ni ya msikiti.

Likabaki swali la matanga. Mtu akifiwa, alipe? Walijadili hadi usiku na wakakubaliana: harusi hulipa shilingi 3,500, maiti hailipi, na futari ya msikitini hailipi. Mkufunzi mwenzangu niliyemsimulia aliona huo ni udhaifu wa kibiashara. Hesabu ya miezi kumi na miwili ya mwanzo ni hii: harusi 19, zikiwamo za vijiji jirani, zilileta 66,500, matanga 11 hayakuleta kitu, matengenezo na masinia yaliyopotea yaligharimu 9,000. Zikabaki 57,500, yaani mshahara wa mwalimu wa miezi tisa na nusu. Zile safari kumi na moja za bure ndizo zilizofanya masinia yarudi yamesuguliwa na kuhesabiwa. Hakuna anayeiba sinia lililompakulia watu siku ya msiba wake.

Jambo jingine walilolijaribu wakati huohuo ni fungu la watoto. Samaki wakishauzwa, mapato hugawanywa kwa mafungu: la chombo, la nahodha, la mabaharia. Mwalimu mstaafu alishauri liongezwe fungu dogo la chekechea, litolewe kaskazi tu na kuwekwa kwa ajili ya kusi. Vyombo 14 vya kuvulia vilikubali. Januari hadi Machi 2019 zilikusanywa 31,000, na ada ya kila mwezi ikafutwa. Nitarudi kwenye fungu hili chini, kwa sababu halikudumu.

"Huteza tu"

Mwalimu wa pili alianza Septemba 2018. Huyu alikuwa na cheti cha ualimu wa chekechea, ameolewa kijijini, na alikubali 6,000 kwa sharti kwamba zisichelewe.

Alileta namna ya kufundisha ambayo wazazi hawakuielewa. Aligawa ukumbi pembe nne kwa ukili wa rangi. Pembe moja ilikuwa na makombe na kaure za kuhesabia, nyingine vifuu na mchanga wa kupima, nyingine vitambaa na kanga kuukuu za kuigiza nyumbani, ya mwisho vitabu vichache na slati. Njia hii si ngeni Pwani. Mwaka 1986, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kulalamika kwamba watoto wao hawafui dafu shuleni, Aga Khan Foundation ilianzisha Mombasa mpango wa chekechea za madrasa, mkufunzi wake wa mwanzo akiwa Bi Swafiya Said. Baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Kule pia darasa lilijengwa kwa vitu vya jirani, walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, na Kurani ilikaa pamoja na hesabu. Maalim wetu aliwahi kuziona chekechea hizo, ndiyo sababu hakuona ajabu kutoa ukumbi wake.

Wazazi waliona ajabu. Mzee mmoja, nahodha, alisimama mlangoni siku tatu mfululizo, kisha akamwambia mwalimu: "Mwanangu, hawa wana huteza tu. Kusoma ni lini?" (Kuteza ni kucheza.) Wengine walitaka daftari lenye maandishi kila siku, wakitoa mfano wa nasari za Amu ambako mtoto wa miaka minne ana madaftari matatu na kazi ya nyumbani. Watano kati yao waliwaondoa watoto.

Mwalimu alikuja kwangu na jibu la kitabuni: nimsaidie kuwaelimisha wazazi juu ya kujifunza kwa kucheza. Tuliitisha kikao, tukaeleza, wakasikiliza kwa adabu, na hakuna aliyebadilika. Mwalimu mstaafu ndiye aliyepata njia. Alimwalika yule nahodha aje darasani kuwafundisha watoto kufunga mafundo ya kamba. Asubuhi moja nzima vidole vidogo vilipambana na fundo moja. Kisha mwalimu akawapa penseli dakika ileile. Nahodha akatazama vidole. Aliondoka bila kusema kitu, na wiki iliyofuata wajukuu zake wawili walikuwa wamerudi.

Hata hivyo tuliafikiana nusu kwa nusu: watoto wa mwaka wa pili wawe na daftari moja, lipelekwe nyumbani Alhamisi. Wapo wataalamu watakaosema tulisalimu amri. Mimi naona mzazi asiyeona chochote mkononi mwa mtoto wake hatoi chochote mkononi mwake.

Kosa la mwalimu, na ni kosa la mafunzo yetu wakufunzi, lilikuwa la lugha. Alijifunza kwa Kiswahili sanifu na aliwasahihisha watoto kila neno. Mtoto akisema *moya*, anaambiwa *moja*. Akisema *ndia*, anaambiwa *njia*. Mtoto mmoja wa kike alimwita rafiki yake "ndoo" (yaani njoo), na darasa zima likaelezwa kwamba ndoo ni ya kutekea maji. Mtoto yule hakusema neno darasani kwa wiki sita. Nyumbani, mama yake alituambia, hanyamazi. Muhula uliofuata tukaondoa masahihisho: watoto wahesabu *moya* wapendavyo, mwalimu aseme *moja* yeye mwenyewe, na *moja* ije taratibu. Mtaala mpya ulioanza nchini Januari 2019, wenye PP1 na PP2 (miaka miwili ya chekechea) kabla ya Gredi ya Kwanza, unaruhusu lugha ya mahali kwa watoto hawa. Tatizo ni kwamba sisi tulioruhusiwa hatukuhesabu Kiamu (lahaja ya Amu) kuwa lugha. Tulikihesabu kuwa Kiswahili kilichokosewa.

Korona

Machi 2020 shule zilifungwa na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Harusi zikawa za watu wachache ndani ya nyumba, masinia yakalala. Kikopo kilikuwa na 23,000. Kamati ikaamua mwalimu alipwe nusu mshahara, 3,000, kwa miezi saba, hata kama hafundishi. Wawili katika kamati walipinga. Kwao mshahara ni wa kazi. Mwekahazina alisema mwalimu wa kwanza aliwapotea kwa miezi mitatu na nusu isiyolipwa, na hana nia ya kumtafuta wa tatu. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, mwalimu alikuwapo siku ya kwanza. Vijiji viwili jirani vilikuwa bado vinatafuta.

Mwalimu wa serikali, 2022

Kamati ilikuwa ikiandika barua za kuomba mwalimu tangu 2018. Mwaka 2022 ombi likakubaliwa, na kwa bahati mwalimu wetu wa pili ndiye aliyeajiriwa, akabaki palepale kwa mshahara mkubwa zaidi. Kijiji kilifurahi, watu wakapika pilau, kwa masinia yao.

Kisha michango ikakoma. Si kwa ugomvi. Watu walidhani kazi imekwisha. Fungu la watoto lilikuwa limeshapungua hadi 12,000 mwaka 2020, kwa sababu wanunuzi wakubwa walianza kuwalipa manahodha kwa simu. Zamani fedha ziligawanywa pwani mbele za watu, na mwekahazina alikuwa ameketi pale na kikopo chake. Fedha zilipohamia simuni, hakukuwa na pahali pa kuketi. Mwaka 2022 fungu likafa kabisa. Zamu za akina mama za kupika uji nazo zikafa, kwa hoja ileile kwamba "serikali imechukua". Mwaka ule shule zilianza Aprili, kwa sababu kalenda ya nchi ilikuwa bado inafidia muda uliopotea, na hivyo watoto wapya waliingia pamoja na kusi, tumbo tupu. Mahudhurio ya Juni yalishuka hadi watoto 22. Mwalimu mwenye ajira, mshahara unaoingia, na nusu ya darasa hayupo.

Ilichukua mwaka mzima kuelewa kwamba mshahara ulikuwa umechukuliwa na wengine lakini uji haukuchukuliwa na mtu. Mapato ya vyombo, ambayo sasa hayakuhitajika kwa mshahara, yalikuwa yamekaa tu. Mwanzoni mwa 2023 yakahamishiwa kwenye uji na kwenye msaidizi wa darasa. Ndani ya muhula mmoja watoto wakarudi kuwa 37.

Matokeo

Kundi la kwanza lililosoma miaka miwili kamili au karibu yake liliingia Gredi ya Kwanza Januari 2020: watoto 24, wengi wa miaka sita. Baada ya kufungwa na kufunguliwa kwa shule, 21 walirudi. Mwalimu wa ng'ambo ananiambia tofauti anayoiona si ya kusoma, kwa maana wapo watoto wa nasari za mjini wanaosoma haraka kuliko hawa. Tofauti ni kwamba wanauliza. Mtoto asiyeelewa huinua mkono. Zamani alinyamaza hadi kengele.

Lakini hori bado ni hori. Tulimwandaa mtoto kwa darasa tukasahau kumwandalia njia. Zamani aliyevuka alikuwa wa miaka minane. Sasa ni wa sita. Siku za bamvua mahudhurio ya hawa wadogo huanguka, na mwaka 2021 mtoto mmoja aliteleza kwenye matope akaokolewa na kaka yake. Hapo ndipo mwenye mtumbwi mmoja alipoanza kulipwa na mfuko wa vyombo, siku za bamvua tu. Hilo lilipaswa kuwa katika mpango wa 2016.

Wengine hatukuwafikia kabisa. Watoto wa dago bado wanakosa miezi mitatu bora ya mwaka. Tulijaribu kumpa mama mmoja wa dago mfuko wa kaure, slati na vitabu viwili aendelee nao kambini. Ulirudi Aprili, slati zimevunjika, kaure zimezidi idadi. Watoto walikuwa wameokota nyingine. Sijui niite hilo kushindwa.

Uchambuzi

Jengo lilikula zaidi ya nusu ya yote yaliyowahi kutolewa na kijiji kwa mkupuo mmoja, na hadi leo halijafundisha mtoto. Sisemi jengo halina maana. Ukumbi wa chuo huvuja, na maalim akifariki huenda warithi wake wakawa na maoni mengine. Nasema lilikuja kabla ya zamu yake. Kijiji kilikuwa na kivuli. Hakikuwa na mshahara wa Juni, na Juni ndiyo iliyomwondoa mwalimu wa kwanza.

Vyombo vya harusi vilifaulu kwa sababu tatu zisizohusiana na elimu hata kidogo. Vilijibu haja iliyokuwapo tayari. Vilikuwa mikononi mwa wanawake ambao walikwisha kushikana fedha kwa miaka mingi kupitia mchezo, hivyo hatukuhitaji kuwafundisha kuaminiana. Na viliwekwa nje ya mkono wa yeyote kwa kanuni ambayo watu waliiogopa kuliko katiba ya kamati. Mtu atakayeiga masinia bila wakfu, au mahali ambapo wakfu ni neno geni, asishangae yakiuzwa mwaka wa tatu.

Fungu la watoto lilikuwa wazo zuri zaidi kuliko vyombo, na ndilo lililokufa. Nimelifikiria sana. Lilifuata mkono wa mvuvi, lilitoka majira yake ya neema, halikumdai akiwa hana. Lakini lilitegemea mahali, pwani, machoni pa watu. Hatukuona kwamba simu ilikuwa inaondoa mahali hapo. Tungeligundua 2020, tungezungumza na wanunuzi wenyewe wakate kwao kabla ya kulipa. Wawili kati yao ni wazaliwa wa kijiji.

Kuhusu mwalimu wa serikali, kosa ni letu la kutoandika. Hakuna karatasi iliyosema nani anabaki na nini ajira ikija. Mshahara ulipochukuliwa, kila mtu alijitoa katika kila kitu. Barua ya kuomba mwalimu iliandikwa mara nne. Barua ya kugawana kazi baada ya kumpata haikuandikwa hata mara moja.

Na kuhusu ushauri wangu: nilisema wajenge kwa sababu nilikuwa nikiwaza jinsi kijiji kitakavyoonekana na wakubwa. Mwalimu mstaafu alikuwa akiwaza kesho asubuhi saa mbili.

Nilipofika mara ya mwisho, mwishoni mwa 2023, suala la jengo lilikuwa limerudi kikaoni. Kijana mmoja aliyefanikiwa Mombasa ameahidi mabati. Mwekahazina alifungua daftari, akaiandika ahadi ile kwenye safu yake ya tatu, akapiga mstari mwekundu, kisha akaomba radhi atoke kidogo. Palikuwa na harusi jioni hiyo, na masinia yalikuwa hayajahesabiwa.